Felismina wa Kiti Namba Nne

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, Felismina Barbeitos alivunja yai moja, ute akampa paka, kiini akakipiga kwa kijiko cha sukari ndani ya kikombe mpaka kikaanza kuwa cheupe, akakinywa amesimama. Alisema ni dawa ya sauti. Akishakunywa hakutoa neno mpaka afike kazini. Ukimsalimu njiani alikuinamishia kichwa tu. Watu wa mtaa wa wafinyanzi walishamzoea, walisema sauti ya Felismina ni mali ya kampuni na ameifungia kifuani mpaka saa mbili.

Kampuni yenyewe ilikuwa Jumba la Simu la Ponte da Freixa, na jumba lile hakuna asiyelijua mjini kwetu. Lilijengwa na Belmiro Quintães, aliyeondoka hapa akiwa na miaka kumi na mitatu, miguu mitupu, akaenda Brazili, akarudi mzee mwenye meno mawili ya dhahabu na kasuku anayetukana. Wenzake waliorudi na mali walijenga nyumba za kuishi, wakapanda mitende mbele ili kila apitaye ajue wametoka wapi. Belmiro naye alipanda mitende miwili, ila nyuma ya mitende yake akajenga kampuni. Ghorofa tatu za mawe ya itale, uso wote umevishwa vigae vya kijani na manjano, na juu ya mlango kichwa cha mwanamke wa jiwe aliyeweka kiganja sikioni, mdomo kaufumba. Juu ya paa alisimamisha mnara wa chuma, nyaya zote za mji zikaingilia hapo. Upepo wa kaskazini ukivuma, mnara unaimba. Wauza samaki wakongwe walikuwa wakipiga ishara ya msalaba wakipita, kwa sababu ukiwa mbali jumba lilifanana na kanisa, na ukilikaribia lilitoa sauti ambayo kanisa halitoi.

Mawe yale yalibebwa na wanawake. Huku kwetu ndivyo ilivyokuwa, mwanamume anachonga na mwanamke anabeba. Rosa, mama yake Felismina, alikuwa mmoja wa wabebaji, ngata kichwani na jiwe juu ya ngata, kutoka machimboni mpaka mjini, mara sita kwa siku. Felismina alikuwa mdogo, anamfuata nyuma akishika upindo wa sketi. Jumba lilipofunguliwa mwaka 1906 wabebaji hawakualikwa. Walitazama sherehe wakiwa ng'ambo ya barabara.

Felismina aliingia kazini akiwa na miaka kumi na saba, na baada ya miaka ishirini na mmoja alilijua jumba kuliko aliyelichora. Mbele kulikuwa na mlango mkubwa, ngazi pana ya mawe, na ukumbi wenye sakafu ya miraba myeusi na myeupe. Hapo ni pa wateja, makarani na wenye hisa. Nyuma, upande wa kichochoro cha wauza makaa, kulikuwa na mlango mfupi na ngazi ya mbao ya vidato arobaini na kimoja, nyembamba hata sketi mbili hazipishani. Hiyo ilikuwa ngazi ya wasichana wa kuunganisha simu. Inapanda moja kwa moja mpaka chumba cha juu kabisa, kwenye swichibodi, ubao wa matundu na nyaya za simu, na madirisha ya chumba kile yaliwekwa juu ya kichwa cha mtu mrefu. Ukikaa huoni barabara wala mto, unaona wingu. Wanasema Belmiro alimwagiza mchoraji wa jengo, "Sauti zao zitoke, sura zao zibaki ndani." Na mchoraji akatii.

Kanuni nazo zilikuwa na umbo lilelile la jengo. Zilitundikwa ukutani kwenye fremu. Opereta asiwe na mume. Opereta asitaje jina lake. Opereta asiseme "nipo".

Hiyo ya tatu ndiyo iliyowachekesha wasichana wapya. Kwetu mtu akipiga simu huuliza, "Upo?" na wa upande wa pili hujibu, "Nipo." Hatuna salamu nyingine ya simu. Lakini opereta alitakiwa ajibu "Namba?" basi. Mzee Belmiro alisema anayejibu nipo ni mwenye nyumba, na opereta hana nyumba ndani ya waya. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na mmoja Felismina alikaa kwenye kiti namba nne, chombo kimembana masikio, kila kifuniko cha shaba cha mteja anayepiga kikianguka anachomeka waya kwenye tundu, anauliza, "Namba?" Aliwajua wateja mia tatu na kitu kwa kikohozi. Alijua nani anapumua vibaya leo na nani amegombana na mkwewe. Wao hawakumjua. Wangempita sokoni wakamkanyaga mguu.

Baridi ya mwaka 1935 ilipasua vigae vya mbele vikaanza kudondoka. Masika yalipofika kampuni ikamwita fundi wa vigae, Abílio Sendim, mjane wa miaka arobaini na mitano, sikio moja zito kwa kugongagonga mawe. Akafunga jukwaa la mbao, akapanda, na siku ya tatu kichwa chake kikatokea kwenye dirisha la chumba cha juu. Hakuna mwanamume aliyewahi kuchungulia mle.

"Kumbe mna watu humu," alisema.

"Ulidhani kuna kuku?" Hiyo ilikuwa sauti ya Idalina wa kiti namba tano, msichana mwenye mdomo.

"Nilidhani ni mashine."

"Mashine zina kazi, baba. Toa kichwa, unatuzibia wingu letu."

Felismina hakucheka. Alikuwa anakitazama kigae ambacho Abílio alikiegemeza kwenye kioo. "Hicho umekigeuza," alisema. "Jani linaota kwenda chini."

Abílio akakitazama. Akakitazama tena. Akakigeuza, akashuka. Kesho yake akapandisha kigae kingine dirishani, akakiinua juu, akasubiri. Felismina akatikisa kichwa kukubali. Mambo yakaendelea hivyo mwezi mzima, kigae baada ya kigae, na Idalina akasema hajawahi kuona mtu anatongozwa kwa udongo wa kuchoma.

Walifunga ndoa Agosti, parokia ya ng'ambo ya mto alikokaa dada yake Abílio. Abílio akahamia kwa Felismina. Majirani wakaambiwa ni mpangaji.

"Mpangaji anayepigiwa mashati pasi," alisema jirani mmoja.

"Na anayeimbiwa," alisema mwingine.

Lakini walinyamaza. Mtaa wetu una midomo mirefu, ila haukuipenda kampuni.

Abílio, kwa lile sikio lake, alikuwa akifika mlangoni jioni anapaza sauti kama yuko mlimani, "Upo?" Na Felismina, mikono kwenye sufuria ya supu ya kabichi, anajibu, "Nipo, mume wangu." Alilipenda neno lile. Alichelewa kulipata, na alipolipata hakulichoka.

Neno hilohilo ndilo lililomfichua. Ilikuwa Jumanne, wiki ya Krismasi, saa tano asubuhi, simu zinamiminika kama mvua kwa sababu kila mtu anaulizia samaki wa chumvi wa sikukuu. Kifuniko cha duka la dawa kikaanguka. Felismina akachomeka waya, na kabla hajasema namba, sauti ikamwingia sikioni, pana, ya mlimani.

"Upo?"

"Nipo, mume wangu."

Upande wa pili Abílio akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Ala, ni wewe? Basi niunganishie kiwanda cha vigae." Nyuma yake dukani kulikuwa na wanawake watatu wanangoja dawa ya kifua. Na nyuma ya Felismina, kwenye meza ya msimamizi, alikuwa ameketi Bibi Perpétua, chombo cha kusikilizia sikioni, waya wake umechomekwa kiti namba nne.

Felismina akaunganisha kiwanda. Ilipofika saa sita mji mzima ulikuwa na habari, na alipopita sokoni jioni muuza samaki alimwuliza mpangaji wake anapenda mkia au kichwa.

Bibi Perpétua alimwita kando mchana ule. Alikuwa na miaka sitini, amevaa nyeusi toka shingoni mpaka vidole, na alikuwa mmoja wa wale wa kwanza kabisa kupanda ngazi ya nyuma.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa nini nini, Bibi?"

"Kwa nini ulifungua mdomo?"

"Ulifunguka wenyewe."

Bibi Perpétua akanyoosha mikunjo ambayo haikuwepo kwenye sketi yake. "Unadhani mimi sikuposwa?"

"Sijawahi kufikiri, Bibi. Uliposwa?"

"Mara mbili."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nina zamu." Kisha akaenda kuandika taarifa, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Mkurugenzi alikuwa Mhandisi Torcato Quintães, mtoto wa dada yake Belmiro, kijana wa nywele za mafuta ambaye hakupenda zogo. Akamwita Felismina ofisini. Hakumkaribisha kukaa.

"Dada Felismina," alisema, "mimi sijasikia kitu. Unanielewa? Siku ya Wafalme, tarehe sita Januari, mtashuka ukumbini kama kila mwaka, mtasaini karatasi zenu, tutakula keki, yataisha."

"Karatasi inasemaje, Bwana Mhandisi?"

"Unajua inavyosema. Umeisaini mara ishirini na moja."

"Isome tu."

Mhandisi akashusha pumzi, akaitoa drooni, akasoma haraka kama mtoto anayesali apewe chakula. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kwamba sina mume wala ahadi ya mume."

"Ninaye sasa."

"Nyumbani unaye. Hapa huna. Ni karatasi, dada yangu. Nani ataumia?"

"Mimi nakitaka kiti changu," alisema Felismina, "na mume ninaye. Sitamkana huyo kwa ajili ya kile, wala sitakiacha kile kwa ajili ya huyo. Nitakuja kesho saa mbili."

"Usiposaini siku ya Wafalme huna kazi."

"Hiyo siku ya Wafalme. Kesho nakuja."

Akaja. Alipanda vidato vyake arobaini na kimoja, akafika kwenye swichibodi, na kiti namba nne hakikuwepo. Viti vingine saba vilikuwa mahali pake, cha kwake pengo. Wasichana wote walitazama nyaya zao.

"Kiko wapi?" aliuliza.

"Kinatengenezwa," alisema Bibi Perpétua.

"Kimevunjika nini?"

Felismina akavaa chombo chake masikioni, akakaza kifungo, akasimama. Kifuniko cha kwanza kikaanguka, cha padri.

"Upo?" aliuliza padri.

Felismina alikitazama kile kibao cha kanuni ukutani. Alikuwa ameshavunja mbili. "Nipo," alisema. "Ni Felismina. Namba?"

Padri akauliza, "Felismina binti Rosa?"

"Huyohuyo, Baba."

"Aa. Basi nipe namba kumi na nane, binti yangu."

Hapo akawa hana hata moja iliyobaki. Alifanya kazi amesimama zamu nzima, siku hiyo na ya pili yake na ya tatu. Idalina akamletea sanduku la mbao la samaki alikalie. Mhandisi akaagiza liondolewe. Idalina akaleta jingine, linanuka zaidi, likaondolewa nalo.

"Shoga yangu," Idalina alimnong'oneza, "mimi masanduku yananiishia, lakini hawa watakwisha pumzi kwanza."

Habari ilishafika mjini, na watu wakaanza kupiga simu wasizokuwa na haja nazo. "Upo, Felismina?" Mwenye kinu. Daktari wa ng'ombe. Mama mmoja wa mlimani ambaye tangu afungiwe simu hajawahi kuitumia, aliinua akasema hana wa kumpigia, anataka kujua tu kama bado yupo. "Nipo, mama," alisema Felismina, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

Jioni Abílio alimwosha miguu kwa maji moto na chumvi. Vifundo vilikuwa vimejaa kama mkate ulioumuka.

"Saini," alimwambia siku ya saba. "Mimi sitaionea wivu karatasi."

"Wewe hutaona kitu. Mimi nitakuwa naiona kila nikikaa."

"Basi acha. Vigae vinatutosha."

"Abílio, kazi hii naijua. Mle ndani hakuna anayeijua kama mimi. Kwa nini niiache? Nimefanya kosa gani?"

Abílio akabadilisha maji.

Siku ya nane Bibi Perpétua hakukaa. Toka saa mbili mpaka saa nane alisimama nyuma ya meza yake, mikono kaifumbata, kiti chake kitupu kando yake.

Siku ya Wafalme ikafika. Ilikuwa desturi, mara moja kwa mwaka wasichana wanashushwa ukumbini kwa zamu, wawili wawili, na wenye hisa wapo na wake zao, na meza ina keki ya matunda yenye tundu katikati, na picha ya marehemu Belmiro imefungwa utepe. Mwaka huo wa 1937 kulikuwa na jambo la ziada. Jumba lilikuwa limepitisha miaka thelathini na Mhandisi alichapisha kijitabu cha historia yake. Akasoma mbele ya wote. Akasoma urefu wa mnara na idadi ya vigae na meli iliyoleta nyaya. Akasoma kwamba ngazi ya nyuma ilibuniwa kwa heshima, kuwalinda wasichana na macho ya barabarani. Akasoma kwamba jumba zima, tangu msingi mpaka paa, liliinuliwa kwa mikono ya Belmiro Quintães mwenyewe.

Felismina akacheka. Hakukusudia kicheko kiwe kikubwa hivyo, lakini ukumbi ule una mwangwi.

"Kuna nini, Dada Felismina?" aliuliza Mhandisi.

"Hakuna. Mikono tu. Mjomba wako alikuwa amebeba kasuku. Mawe alibeba mama yangu."

Mke wa mwenye hisa mmoja alikohoa ndani ya leso. Idalina alitazama keki kwa nguvu zake zote.

Mhandisi akafunga kijitabu. Akasema waendelee na karatasi. Idalina akasaini ya kwake. Felismina akasogea mezani, akachovya kalamu, akaisoma karatasi yake taratibu kwa midomo, kama mtu ambaye hakukaa sana shuleni, ingawa kila herufi aliijua. Akachora mstari juu ya neno "sina". Akaandika juu yake "nina". Baada ya neno "mume" akaongeza jina, Abílio Sendim, fundi vigae, na maneno yaliyofuata akayakata. Chini akatia sahihi, Felismina Barbeitos, kiti namba nne.

"Umeiharibu," alisema Mhandisi.

"Ilikuwa mbovu. Nimeirekebisha."

Mhandisi alikuwa amejiandaa. Akamwashiria karani, na karani akatoka chumba cha pembeni amekibeba kiti. Kilikuwa kilekile, mgongo wa mbao umelainika mahali pa mabega yake, mguu mmoja umefungwa waya ambao aliufunga yeye. Walikiweka kando ya meza, wakaweka na karatasi mpya, safi.

"Kiti chako," alisema Mhandisi, na sasa sauti ilikuwa laini, hata ya kuomba. "Hakuna anayetaka uondoke. Mji mzima unakuulizia. Saini hii, kaa, kula keki. Mwaka ujao tutatazama kanuni upya, nakuahidi."

"Itazameni leo. Wenye hisa wote wapo."

Wenye hisa wakatazama sakafu, miraba myeusi na myeupe.

Felismina aliweka kiganja juu ya mgongo wa kiti. Alikitaka. Miguu yake ilikitaka kuliko alivyokitaka yeye, ilikuwa inawaka ndani ya viatu, na kila mtu pale aliona jinsi alivyokiegemea kidogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Huko juu vifuniko vilikuwa vinaanguka, tak, tak, na wasichana waliobaki hawadiriki kuvijibu vyote.

"Miaka ishirini na mmoja niliisaini kwa sababu ilikuwa kweli," alisema. "Mngeniandikia ya kweli leo ningesaini."

Akakirudisha kiti mezani, taratibu, mpaka mbao ikagusa mbao. Akavua chombo cha masikioni alichokuwa bado amekining'iniza shingoni, akamkabidhi Bibi Perpétua aliyesimama chini ya picha. Bibi Perpétua alikipokea kwa mikono miwili.

"Kumi na saba inakwama ukichomeka haraka," Felismina alimwambia. "Mwambie atakayekuja aizungushe kidogo."

"Nitamwambia," alisema Bibi Perpétua.

"Ukitoka hapa sasa hivi," alisema Mhandisi, "huna kurudi."

"Sikuulizia njia ya kurudi, Bwana Mhandisi."

Alifunga vifungo vya koti, vyote, mpaka cha shingoni. Nje kulikuwa na manyunyu. Abílio alikuwa ng'ambo ya barabara chini ya paa la duka la kamba, kofia mkononi, na alipomwona akafungua mdomo kuuliza, akaufunga. Felismina akavuka. Akamshika mkono upande wa sikio zima, wakashuka na barabara ya mto, polepole, kwa ajili ya miguu.

Mhandisi alitoka mlangoni bila koti akaliita jina lake, mara moja, kisha kwa sauti zaidi. Mtu aliyekuwa anasukuma mkokoteni wa makabichi aligeuka kutazama. Felismina hakugeuka.